Kamera Huzama, Picha Huibuka

Mwanzoni mwa Novemba 1915, katika Bahari ya Weddell huko Antaktika, Frank Hurley alivua nguo akajitosa ndani ya meli iliyojaa maji na barafu iliyopondeka. Meli hiyo, Endurance, ilikuwa imenaswa na barafu tangu Januari. Barafu iliikamua hadi mbavu zikavunjika, na kiongozi wa msafara, Ernest Shackleton, akaamuru watu wote wahame. Hurley, Mwaustralia aliyechukuliwa kuupiga picha msafara huo, hakurudi kutafuta chakula wala blanketi. Alipapasa chini ya maji kutafuta masanduku ya bati yaliyozibwa kwa lehemu, ambamo mlikuwa na negativu zake za vioo. Aliyapata. Lehemu ilikuwa imeshika, na ndani kulikuwa kukavu.

Kilichofuata kilikuwa kigumu kuliko kule kupiga mbizi. Shackleton alikuwa amemwekea kila mtu kikomo cha vitu binafsi kisichofika hata kilo moja, na vioo ni vizito. Wawili hao wakaketi juu ya barafu, wakazipitia negativu moja baada ya nyingine. Walizochagua zilikuwa kama 120. Zilizobaki, kama 400, zilivunjwa papo hapo, ili Hurley asije akashawishika kuzirudia usiku. (Mimi ningeficha mbili tatu.) Kamera zake kubwa ziliachwa, akabaki na Kodak ndogo ya mfukoni na filamu tatu tu. Meli ilizama tarehe 21 Novemba, na mwaka 2022 watafiti waliikuta imekaa wima kwenye sakafu ya bahari, mita 3,008 chini. Picha zilifika Uingereza, na zimo katika vitabu na makumbusho hadi leo.

Kisa hicho ni cha kupita kiasi, lakini kimebeba kanuni ambayo wapiga picha wa majini wanaijua vizuri, hata kama hawaisemi kwa sauti mbele ya mteja: maji hula kamera, ila picha, mara nyingi kuliko tunavyodhani, huziacha.

Kanuni hiyo ina umri sawa na kazi yenyewe. Februari 1856, William Thompson, wakili aliyependa elimu ya viumbe, aliyeishi Weymouth kusini mwa Uingereza, alitia kamera ndani ya sanduku la mbao lenye kioo mbele. Akalishusha kutoka kwenye mashua hadi kina cha mita tano na ushei, akavuta kamba ya kufungua kifuniko, akasubiri kama dakika kumi. Sanduku halikuhimili mgandamizo. Lilipopandishwa juu, maji ya bahari yalikuwa yameingia hadi kwenye kamera. Hata hivyo kile kioo kilichopakwa dawa kilikuwa kimeshapokea alichokusudia: mchanga, mawe na mwani, kwa uhafifu. Picha ya kwanza ya chini ya bahari na kamera ya kwanza kuingiwa maji chini ya bahari vilitoka katika sanduku moja, siku moja.

Mfaransa Louis Boutan, mwanabiolojia wa Banyuls-sur-Mer, alianza majaribio yake mwaka 1893, na yeye alishuka mwenyewe na kamera akiwa ndani ya vazi la mpiga mbizi. Shida yake kubwa ilikuwa mwanga. Ukanda wa magnesiamu ulichomwa ndani ya chupa yenye oksijeni, na chupa hizo zilikuwa na tabia ya kupasuka. Mwaka 1926, kwenye visiwa vya Dry Tortugas, Florida, mtaalamu wa samaki William Longley na Charles Martin wa jarida la National Geographic waliwasha unga wa magnesiamu juu ya chelezo ili mwanga upenye hadi walipo samaki. Safari moja unga ulilipuka kabla ya wakati, ukamuunguza Longley vibaya. Mtu aliyejiandaa kwa hatari ya maji akaumizwa na moto. Januari 1927 jarida lilichapisha kazi yao, picha za kwanza za rangi kutoka chini ya bahari.

Kwetu pwani ajali huanza na begi. Mpiga picha anakodi mashua Nungwi au Kilindoni, anapanda, anatafuta mahali ambapo mzigo wake hautaanguka baharini, naye anauweka chini kabisa, ngamani. Panaonekana salama. Lakini ngama ndipo maji yote ya chombo yanapokusanyika: yanayovuja kwenye viungo vya mbao, yanayorushwa na mawimbi, yanayodondoka kutoka kwenye miguu ya abiria, na kama chombo kina injini, dizeli nayo imo. Kijana wa chomboni anafua maji kwa kopo lililokatwa, anafua tena, na kila anapopumzika begi linazidi kunywa. Mabaharia wenye uzoefu hulitoa pale bila kuuliza na kuliweka juu, mpaka mwenyewe anadhani anaibiwa.

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ipatayo gramu 35. Maji yakikauka, chumvi haiendi popote. Inabaki chini ya kitufe, kwenye nyuzi za skrubu, katikati ya njia za shaba ambazo zimeachana kwa unene wa unywele, na inavuta unyevu wa hewa kila jioni. Betri ikiwa bado imo, umeme unapita mahali usipotakiwa, na shaba inaanza kuliwa na kutoa kutu ya kijani. Ndiyo maana fundi yeyote wa kamera anayejua kazi yake hatakuuliza kwanza kamera ilianguka wapi. Atakuuliza kama ulitoa betri, na baada ya dakika ngapi. Mvua ya Bukoba inaweza kusamehe. Bahari ya Hindi haina desturi hiyo.

Hapo ndipo mchele unapoingia. Sijui nani alianza kuwaambia watu wafukie kamera na simu katika mchele, ila ushauri huu umeenea kuliko dawa ya mafua. Mchele hauondoi chumvi hata punje. Unachoacha ni vumbi la wanga kwenye matundu. Kinachofaa kinatia uchungu kukifanya: toa betri, toa kadi, kisha chukua kamera ambayo imetoka kuzama na uisuuze tena kwa maji matamu, ili chumvi itoke kabla haijakauka. Wenye kamera wengi hawawezi. Mkono unakataa. Na kusema kweli, hata wanaoweza, mara nyingi hawaifufui. Wanaondoka na kadi tu.

Lakini kadi ndiyo picha. Kadi nyingi ni kipande cha plastiki kilichofinyangwa kuzunguka vifaa vyake, na ikishatolewa haina umeme wa kuiunguza. Isuuze, iache ikauke vizuri, uwezekano mkubwa itasomeka. Machi 2018, wanafunzi waliokuwa wakisafisha ufukwe huko Taiwan waliokota kamera iliyovaa makome ya bahari kila upande. Ilikuwa ndani ya kasha lisilopitisha maji, mali ya mwanafunzi wa Kijapani aliyeipoteza akipiga mbizi Ishigaki mwaka 2015. Waliiwasha, ikawaka. Picha zote zilikuwamo.

Kasha lile lilitegemea kitu kimoja: mpira mweusi wa duara, mwembamba kama tambi, unaokaa katika mfereji wake pembezoni mwa mlango. Kazi yote ya kuzuia bahari iko hapo. Unywele mmoja ukilala juu yake, au chembe ya mchanga, au uzi wa taulo uliyojifutia mikono, maji yamepata njia. Wapiga picha wa chini ya maji huutoa mpira huo, wakaupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada polepole wakitafuta kwa ngozi kile ambacho macho hayakioni, wakaupaka mafuta ya silikoni kidogo sana, wakaurudisha. Mafuta mengi nayo ni balaa, maana yanakamata mchanga. Mtu akikuona unafanya hivyo asubuhi hotelini atadhani una wasiwasi wa ugonjwa.

La ajabu ni kwamba makasha mengi hayavuji kilindini. Kila mita kumi unazoshuka mgandamizo huongezeka kwa kiasi cha hewa yote tunayoibeba juu ya vichwa vyetu, na mgandamizo huo huo hukandamiza mlango juu ya mpira na kuufunga zaidi. Hatari iko juu, katika mita ya kwanza, wakati mlango haujabanwa na mawimbi yanalipiga kasha huku na huko. Kamera nyingi zimezamia ndani ya ndoo ya maji matamu, pale pale kwenye boti, mwenyewe akinywa chai.

Maji ya pwani yana hila nyingine isiyohitaji kuvuja popote. Kisiwa cha mchanga cha Nakupenda, karibu na Mji Mkongwe, ni mahali panapopendwa mno kwa picha za maharusi: mchanga mweupe, bahari pande zote, hakuna jengo. Maji yakijaa, hakuna kisiwa. Mpiga picha anaweka taa, miguu mitatu ya kamera na begi la akiba kwenye mgongo wa mchanga, anaingia majini hadi magotini na bibi harusi, anapiga, na akigeuka anakuta mgongo umekuwa ukanda. Wavuvi wanajua bamvua na maji mafu tangu utotoni. Mtu wa studio anajua saa tu, naye saa inamdanganya, kwa kuwa maji huchelewa kwa dakika kama 50 kila siku. Aliyeona kisiwa kikubwa Jumanne saa nne anakuja Jumamosi saa nne na kukuta kipande tu cha mchanga. Huko Michamvi Pingwe, kwenye ule mgahawa ulio juu ya mwamba, watu huenda kwa miguu maji yakipwa, kisha hurudi kwa mashua. Wenye miguu mitatu iliyobebwa kichwani ni wale ambao hawakusubiri mashua.

Na kichefuchefu je? Wengi hukiona ni aibu ndogo, lakini kimeharibu kazi nyingi kuliko mawimbi. Jicho likiwa kwenye kitundu cha kamera halioni upeo wa macho, sikio la ndani linasema tunayumba, ubongo unakosa wa kumwamini, na tumbo linaamua. Mwaka 1910 mpiga picha Herbert Ponting alisafiri kutoka New Zealand kwenda Antaktika katika msafara wa Mwingereza Kapteni Scott. Scott aliandika katika shajara yake kwamba Ponting, akiwa hawezi hata kukitazama chakula, alikuwa akisafisha picha chumbani, sinia ya dawa mkononi, na mkono wa pili ameshika beseni la kutapikia. Yeyote aliyevuka Mkondo wa Pemba kipindi cha kusi ataelewa, na hatacheka sana.

Ponting huyo huyo ndiye mwenye kisa ambacho hunijia kila nikiona mtu amesimama ukingoni mwa boti na kamera usoni. Januari 1911 kundi la nyangumi wauaji lilijitokeza kando ya barafu, karibu na meli. Akakimbilia ukingoni na kamera ili asikose. Wakapiga mbizi chini yake. Muda mfupi baadaye barafu, yenye unene wa karibu sentimita 75, ikainuka na kupasuka chini ya miguu yake, maana nyangumi walikuwa wakiipiga kutoka chini kwa migongo yao. Aliruka kutoka kipande hadi kipande, vichwa vya wanyama vikitokeza kwenye nyufa, hadi akafika kwenye barafu imara. Kamera aliiokoa pia. Alipokuwa anakimbia kwenda ukingoni alimwona nyangumi kuwa picha. Hesabu ya nyangumi ilikuwa tofauti.

Kamera huufanya ulimwengu uwe mdogo wa kutosha kuingia kwenye fremu, na kila kilicho nje ya fremu kinaacha kuwapo. Katika mashindano ya ngalawa mpiga picha husimama upande ambao jua liko mgongoni kwake, na upande huo haumwambii lolote kuhusu chombo kinachokuja nyuma. Mashua inapogeuza tanga, foromali na kamba zinapita juu ya chombo kwa kasi. Kila mtu ameshainama kwa sababu nahodha amepiga kelele, isipokuwa mmoja. Mafia, Oktoba hadi Machi, watu huogelea na papa potwe, mnyama mpole asiye na haja na mtu. Ila mkia wake ni mkia, na anayesogea ili macho ya samaki yajae kwenye kioo cha simu husahau kwamba nyuma ya macho hayo kuna mita kadhaa za mwili zinazoendelea kupita. Na Agosti 2018, kwenye Ziwa Naivasha, kiboko alimuua mtalii kutoka Taiwan aliyekuwa akimpiga picha kwa karibu ukingoni mwa maji.

Hapo kanuni yetu inapata sura nyingine, isiyopendeza. Rob Stewart, Mkanada aliyetengeneza filamu ya Sharkwater kuhusu mauaji ya papa, alifariki tarehe 31 Januari 2017 karibu na visiwa vya Florida Keys, alipokuwa akirekodi filamu yake iliyofuata. Alikuwa ametoka kilindini, kama mita 70, akitumia mtambo wa kuvuta tena hewa ile ile. Alifika juu, kisha akatoweka kabla hajapandishwa botini. Mwili ulipatikana siku tatu baadaye. Picha alizokwisha kuzichukua zilikuwa salama, na wenzake walizikusanya na kuikamilisha filamu, Sharkwater Extinction, iliyotoka 2018. Nimeiona kazi hiyo ikisifiwa kwa uzuri wa maji yake. Mimi maji hayo siwezi kuyatazama kwa utulivu.

Kuna kisa mashuhuri kilichokwenda kinyume kabisa. Tarehe 6 Juni 1944 mpiga picha Robert Capa alishuka na askari wa Marekani katika ufukwe wa Omaha, Normandy, maji kiunoni, risasi zikipita. Alirudi mzima. Filamu zikapelekwa London kwenye maabara ya jarida la Life, na kwa miaka 70 tuliambiwa kwamba kijana mmoja wa maabara, kwa haraka, aliufunga mlango wa kabati la kukaushia, joto likazidi, na karibu zote zikayeyuka. Zikapona chache zenye ukungu, zilizochapishwa tarehe 19 Juni. Bahari iliziacha, chumba kikavu kikazila. Kisa kitamu, nami nilikisimulia kwa wengi. Kuanzia 2014 wachunguzi wa historia ya picha wamekitilia shaka: filamu ya aina ile haiyeyuki kirahisi hivyo, na John Morris, mhariri aliyekuwa msimamizi siku ile, mwishowe alikubali kwamba huenda zile picha nyingine hazikuwahi kupigwa. Mtu aliyesimama katika maji yale, mikono ikitetemeka, kupiga fremu chache na kurudi chomboni si jambo la kumlaumu. Aliyeonewa ni yule kijana wa maabara.

Sasa imekuja droni, nayo imeivunja kanuni. Droni ikianguka baharini, kamera na kadi vinazama pamoja, na hakuna wa kupiga mbizi. Ajali zake nyingi hazitokani na upepo wala mwewe, ingawa mwewe nao wapo. Zinatokana na utii. Droni inaporuka hukumbuka mahali iliporukia, na betri ikipungua inarudi pale pale. Kutoka uwanjani ni baraka. Kutoka kwenye mashua inayosukumwa na mkondo, ni hukumu: mashua imeshasogea mita 300, mrushaji anatazama juu akipunga mkono, na chombo chake kinarudi kwa heshima zote hadi sehemu ya bahari isiyo na kitu, kinashuka taratibu, kinatua. Wanaojua hubadilisha mahali pa kurejea wakati droni ikiwa bado hewani. Tena kabla ya kuruka, droni hutaka kutulia ili ijipime, na sitaha haitulii. Chuma cha injini nacho huvuruga dira yake. Mwishoni, kwa kuwa haiwezi kutua juu ya ubao unaopanda na kushuka, mtu huidaka kwa mkono. Angalia vidole vya warushaji wa Nungwi. Na ukiipeleka mbali kwa msaada wa kusi, kumbuka kusi haitakusaidia kuirudisha.

Kwa wengi wanaoishi kwa kazi hii, kamera si yao. Imekodiwa kwa siku, pengine kitambulisho kimeachwa na amana imewekwa, na malipo ya harusi yenyewe hayafiki nusu ya bei ya lenzi. Kwa hiyo baada ya kazi ya baharini kijana huifuta kamera kwa kitambaa chenye maji matamu, huipuliza kwa feni usiku kucha, hutoa kadi na kunakili picha za mteja mara mbili, kisha asubuhi huirudisha ikiwaka vizuri kabisa. Mwenye kamera haangalii kama inawaka. Anajua itawaka leo. Anafungua kifuniko cha betri, anaigeuza juani, anatazama vichwa vya skrubu kimoja kimoja, na akiona unga mweupe anafunga kifuniko na kumwambia kijana wakae kwanza waongee.